Mjomba anaumwa figo, badala ya kupumzika kashika tena tezo ya kuchongea vinyago. Tumzuie au tumwache?

#1 Mjukuu wa Kitangari
Wakuu, habari za jioni.

Naomba mawazo kwa jambo linalotugawa nyumbani. Mjomba wangu ana miaka sitini na kitu, ni mchongaji wa vinyago wa siku nyingi, kazi aliyofundishwa na wajomba zake huko Newala. Biashara ya vinyago ilipolala aliiacha, akabaki na mikorosho yake. Sasa figo zote mbili zimegoma. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki hapa Mtwara mjini, kila mara kama saa nne kwenye mashine, na akitoka pale hata kuongea hataki.

Tangu aanze kusafishwa amefukua vifaa vyake vyote: tezo, patasi, tupa. Siku asiyokwenda hospitali anaanza kuchonga alfajiri, na umeme ukikatika usiku anawasha tochi. Mama yangu, ambaye ni dada yake, anasema tumnyang'anye vifaa kwa sababu anajimaliza. Mke wake anasema mkimnyang'anya ndiyo mtamzika mapema. Siku ya Idi walikaribia kugombana mbele ya wageni.

Kinachonishangaza ni hiki. Alipokuwa mzima alichonga vya soko: tembo, mzee mwenye mkongojo, vile ambavyo mtalii anabeba kwenye begi. Sasa hachongi hata kimoja cha namna hiyo. Anachonga ujamaa, watu waliopandana, na kila uso anao mwenyewe. Huyu bibi yake, huyu rafiki yake wa jandoni, huyu mtoto aliyemzika.

Mtu mwenye ugonjwa mkubwa anapata nini kwenye sanaa? Anakimbia ugonjwa, anaaga, anajitibu mawazo? Wenye uzoefu naomba mnisaidie, maana mimi ndiye natakiwa kuamua ufunguo wa stoo ukae kwa nani.

#2 Mtoto wa Chikongola
Pole kwa mjomba, mkuu. Mwacheni achonge. Kuna yule mchoraji wa Tingatinga, George Lilanga, kisukari kilimmaliza miguu ikakatwa na bado hakuacha kazi. Mjomba wako si wa kwanza.

#3 Korosho Daraja la Kwanza
Mnazunguka mbali. Nauli, vipimo, dawa za presha, sindano za kuongeza damu, vyote hela. Mzee anatafuta pesa ya matibabu ila hataki kuwaambia kwa sababu ni mwanaume wa Kimakonde. Muulizeni anauza wapi, mtapata jibu.

#4 Fundi Tezo
Mtoto wa Chikongola, Lilanga si Tingatinga. Tingatinga ni mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alifariki 1972. Lilanga ni Mmakonde wa Kikwetu, kazaliwa 1934, na alichonga kabla hajashika brashi. Pale Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam aliingia kama mlinzi, wakaona kazi zake, na kufika 1978 zilikuwa zinaonyeshwa Washington. Kafariki 2005.

Ila hoja yako ya miguu ni nzito kuliko ulivyoiandika, kwa hiyo naiongezea. Mimi nachonga. Mchongaji wa Kimakonde anakaa chini, gogo analibana kwa nyayo na magoti, mikono inabaki huru kwa tezo. Miguu ndiyo jiliwa yetu. Ukimkata mchongaji miguu umemnyang'anya kifaa, hujamnyang'anya kutembea tu. Lilanga bahati yake ni kwamba tangu miaka ya 1970 alikuwa keshajifunza kuchora, basi uchongaji ulipomponyoka rangi zilikuwepo. Na wale mashetani wake wenye masikio makubwa hawakuwa na huzuni hata siku moja. Wanacheza, wanabishana, wanapigana vijembe. Mtu aliyekatwa miguu anachora viumbe wanaoruka. Sijui mtasemaje, mimi naona hapo hakukimbia kitu.

#5 Mwera wa Nyangao
Kikwetu iko Lindi bwana, uwanja wa ndege wa Lindi uko pale pale. Lilanga ni wetu.

#6 Fundi Tezo
Kikwetu ya Masasi, mtani. Hiyo yenu ina ndege, yetu ina wachoraji.

#7 Nesi Zamu ya Usiku
Mleta mada, kabla ya falsafa naomba unijibu: mshipa wa kusafishia damu umetengenezwa mkono gani? Na anachonga mti gani?

Nauliza kwa sababu mkono wenye mshipa ule haupigwi, haubanwi, haubebi mzigo. Kila asubuhi aguse pale asikie mtetemo. Mtetemo ukipotea aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri zamu yake. Jambo la pili, wakati wa kusafishwa mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine, na baada ya hapo damu inachelewa kuganda kwa saa kadhaa. Kwa hiyo siku ya mashine patasi isiguswe kabisa. Jambo la tatu, kama ni mpingo, vumbi lake linawasha ngozi na linachokoza kifua. Avae barakoa, akae nje, asichonge chumbani kwa tochi.

Sijasema aache. Nimesema achonge kwa masharti.

#8 BintiMikindani
Nimesoma #1 nikamwona mama yangu.

Mama alitolewa titi kwa saratani, akaenda Ocean Road kwa mionzi, akarudi Mikindani amekonda na mkono umevimba upande ule ule waliotoa tezi za kwapani. Msusi wa mikeka tangu ujana. Miezi ya mwanzo alikuwa anakaa tu kibarazani na wageni wa kumpa pole. Halafu akaagiza ukindu, akaanza kusuka. Tukafurahi.

Furaha yetu ilikwisha tulipoona ule ukili. Mweupe, hauna rangi hata uzi mmoja. Mtu wa pwani akiona mkeka mweupe unasukwa na mgonjwa anajua anafikiria maziko. Dada yangu alilia chooni. Hakuna aliyethubutu kumuuliza, kila mtu anamsukumia mwenzake, mpaka mjukuu wa darasa la tatu akauliza kwa sauti mbele ya watu: bibi, huu mkeka wa nani?

Mama akasema ni wako ukiolewa, nangoja mtu akaninunulie rangi, mmekaa mnanitazama tu hamna anayekwenda sokoni.

Tulikwenda sokoni siku hiyo hiyo. Sasa mkeka una zambarau na kijani. Ila mkono haumruhusu kusuka muda mrefu, anapumzika zaidi ya anavyosuka. Kwa hiyo mleta mada, usidhani unajua mjomba anachonga nini kichwani mwake. Ile miti yenye sura za waliokufa inaweza kuwa kuaga na inaweza kuwa kinyume. Mmemuuliza?

#9 Abuu Shangani
Assalaam alaykum. Mgonjwa anahitaji subira, dua na Qur'an. Moyo unatulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Kuchonga sura za binadamu, tena za marehemu, mimi simshauri mtu aliye kwenye mtihani wa maradhi. Kama mkono unataka kazi, kuna kuandika aya kwa hati nzuri, kuna kaswida, kuna kushona kofia. Nasema kwa mapenzi.

#10 Mtoto wa Chikongola
Sheikh tumekuelewa, ila mzee wa watu ni mchongaji, umwambie ashone kofia leo na miaka sitini? Hata mimi mjukuu wa mshona kofia sijaweza.

#11 Abuu Shangani
#10 kofia inashonwa na umri wowote. Babu yangu alishona mpaka wiki aliyofariki, macho hayaoni vizuri, anapapasa vitundu kwa kidole. Kwa hiyo tusipingane sana, kwenye kutumia mikono niko pamoja nanyi. Natofautiana kwenye sura.

#12 Kijana wa Zamani, Masasi
Naishi na virusi vya UKIMWI tangu miaka ya 1990. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Wakati ule hakukuwa na dawa kwetu. Serikali ilianza kugawa bure dawa za kufubaza virusi 2004. Kabla ya hapo ukipimwa umeambiwa ukae usubiri. Sisi wachache tuliojitangaza tulianzisha kikundi cha ngonjera na maigizo, tukawa tunakwenda kwenye magulio. Tunapiga ngoma, watu wakijaa tunaigiza: mke anayefukuzwa, kijana anayekataa kupima, mganga anayemuuzia mgonjwa ndoto. Mwisho mmoja wetu anasimama anasema mimi ninao, nitazameni. Watu walikuwa wanarudi nyuma hatua moja. Baadaye wakaacha kurudi nyuma.

Wengi wa kikundi kile wamekufa. Waliigiza vizuri na wakafa. Kwa hiyo anayeniambia sanaa inaponya namwambia hapana, vidonge ndivyo vilivyonifikisha hapa. Ila vidonge vilipofika, waliokuwa ndani ya nyumba wamejifungia hawakuvifuata, waliona aibu. Sisi wa ngonjera ndio tuliokwenda mchana kweupe tukapanga foleni, kwa sababu mji mzima ulikuwa umeshatuona. Hicho ndicho maigizo yalinipa, yalinitoa ndani.

Na kuna dada mmoja kwenye kikundi, marehemu sasa, alikuwa akicheza nafasi ya mama mkwe mkorofi. Siku ana homa hawezi kusimama, tunamwambia leo pumzika, anasema nani atacheza mama mkwe? Tukikosa jibu, anakuja. Nadhani mleta mada jibu lako liko karibu na hapo. Mgonjwa kila mtu anamfanyia, yeye hakuna anayemhitaji kwa kitu. Kwenye kikundi alikuwa anahitajika.

#13 Nesi Zamu ya Usiku
#12 umenigusa kaka. Ahsante.

#14 Liwale Kwetu
Mimi naomba kupinga uzi mzima.

Nina saratani ya damu, ile ya kumeza kidonge kila siku. Sichori, sichongi, sisuki. Nikipata nafuu naangalia mpira na kucheza bao na wenzangu chini ya mwembe. Tangu niumwe kila anayekuja ananiuliza nimejifunza nini, au ananiletea daftari niandike. Shemeji kaniletea rangi za maji. Kana kwamba kuumwa peke yake hakutoshi, lazima nitoe na kazi.

Ndugu zangu wazima, msitupambe. Mgonjwa anayelala tu naye ni mtu. Mjomba achonge kwa sababu ni mchongaji. Angekuwa dereva angetaka kuendesha, mkamzuia, na msingefungua uzi wa maana ya maisha kwenye usukani.

#15 BintiMikindani
#14 pole sana kaka, na umesema kitu ambacho sisi wauguzaji tunakikwepa. Ila bao si sanaa? Mimi nimeona wazee wa Lindi wakicheza, kuna mtu anapiga kete kama anapiga ngoma.

#16 Liwale Kwetu
Bao ni bao dada. Usiliingize kwenye mradi wenu.

#17 Mwalimu Nachingwea
Kuna tafiti, nitazitaja kwa ufupi. Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, 2019 lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na ikaona sanaa ina mchango katika kinga na katika kuishi na maradhi. Miaka ya 1980 Mmarekani James Pennebaker aliwapa watu kazi ya kuandika yaliyowaumiza sana, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Kwa hiyo #14, hoja ya kwamba ni mapambo tu haisimami.

#18 Nesi Zamu ya Usiku
Mwalimu, wale wa Pennebaker walikuwa wanafunzi wa chuo wenye afya zao. Tusiubebe utafiti ule moja kwa moja tukamvalisha mzee wa mashine ya figo. Na ripoti ya 2019 imekusanya vitu vya kila aina, kuanzia kwaya mpaka muziki kwa watoto wachanga, kwa ubora tofauti. Inatia moyo, ila haimwambii mleta mada ufunguo wa stoo akae nao nani.

#19 Mwalimu Nachingwea
Sawa nesi. Basi nitoe mfano wa mtu badala ya takwimu. Henri Matisse wa Ufaransa alipasuliwa 1941 kwa saratani ya utumbo, akabaki wa kitandani na wa kiti cha magurudumu. Kusimama mbele ya turubai hakuwezi tena. Akachukua mkasi. Wasaidizi wanapaka karatasi rangi, yeye anakata maumbo, wanayabandika ukutani kwa maelekezo yake. Aliishi hivyo mpaka 1954, na kazi zile za mkasi leo ziko kwenye majumba makubwa ya sanaa. Ugonjwa ulimbadilisha namna ya kufanya kazi, naye akakubali kubadilika.

#20 Mjukuu wa Kitangari
Wakuu nimerudi, ahsanteni.

Nesi: mshipa uko mkono wa kushoto. Yeye anatumia wa kulia kwa tezo, ila gogo analishika na kulizungusha kwa kushoto. Nimemwambia kuhusu mtetemo, anajua, hospitali walimfundisha na anagusa kila asubuhi. La siku ya mashine na patasi hakuna aliyemwambia. Mti ni mpingo, vipande alivyokuwa amevificha miaka mingi chini ya kitanda.

Korosho: hauzi. Kuna mtu kutoka Dar aliona moja akaweka bei nzuri, mjomba akamwambia hicho kina wenyewe. Mke wake aliumia kwa sababu hela inahitajika kweli.

BintiMikindani: nimemuuliza. Alinyamaza, halafu akasema nilipokuwa mzima nilikuwa nachonga wanavyotaka wazungu, sasa nikifa na sijachonga changu hata kimoja nitawaambia nini walionifundisha? Sikuwa na la kuongeza.

#21 Korosho Daraja la Kwanza
Hapo nakubali si hela. Lakini mkuu, mjomba wa Kimakonde kwa mila ndiye mwenye ukoo, na wewe mpwa ndiye wa kurithi. Kila sura unayoambiwa ni ya nani, anakukabidhi. Hachongi, anakuhesabia ukoo. Unaandika majina hayo mahali?

#22 Mwalimu Nachingwea
Na mnajua kwamba vinyago vya ujamaa vilianza baada ya Azimio la Arusha 1967, kuonyesha siasa ya kushirikiana? Huenda mzee anakumbuka enzi zile.

#23 Fundi Tezo
Hapana mwalimu. Watu waliopandana walikuwa wanachongwa kabla ya Azimio, sisi tunaviita dimoongo, na anayetajwa sana kwa kuvianza ni Yakobo Sangwani. Mwanzo ilikuwa mtu mshindi kabebwa juu na wenzake. Siasa ilipokuja ikakuta kinyago kipo, ikakipa jina. Vinyago vya mashetani ndivyo vinatajwa kwa Samaki Likankoa, miaka ya 1950 huko mwishoni.

Nirudi kwa mgonjwa. Mimi nina maelezo mengine kabisa, ya fundi. Gogo ukishalianza haliachiki. Kuna mkono umejitokeza, hujauona bado mwili wake. Ukilala unauona. Mpingo hasa, kwa sababu ganda lake jeupe linakudanganya, ukifika kwenye moyo mweusi ndipo unajua ufa uko wapi na inabidi ubadilishe ulichopanga. Mtu wa figo siku zake zote zimepangwa na mashine, saa ya kwenda, saa ya kurudi, maji vikombe vingapi. Kwenye gogo ndiko anakokutana na kitu ambacho hakikupangwa na daktari. Mimi ningefanya hivyo hivyo.

#24 Mwera wa Nyangao
Mmesahau moja na mnaogopa kuitaja. Mahoka, mizimu ya ukoo. Kwetu mtu akiumwa maradhi marefu wazee walikuwa wanauliza, kuna kazi gani ya ukoo ameiacha? Mwenye ngoma akiacha ngoma, fundi akiacha ufundi, waliokufa wanamdai. Mjomba aliacha kuchonga, akaugua, akarudia kuchonga sura za marehemu. Zile ngoma za kupunga nazo ni sanaa na ni tiba kwa pamoja, mgonjwa anakaa katikati, watu wanaimba usiku kucha kwa ajili yake. Nani mwingine anaimbiwa usiku kucha?

#25 Abuu Shangani
Astaghfirullah. Figo zinaharibiwa na presha na kisukari, hazidaiwi na marehemu.

#26 Nesi Zamu ya Usiku
Kwenye presha na kisukari namuunga mkono sheikh. Na wagonjwa wenye presha jamani mmeze dawa hata mkijisikia vizuri, figo zinakwenda kimya kimya. Ila kwenye kuimbiwa usiku kucha namwelewa Mwera. Wodini saa tisa za usiku mgonjwa yuko peke yake na ukuta.

#27 Bint Mtanda
Habari zenu. Nimekuwa nasoma tu. Nina sikoseli, niko Lindi. Maumivu yakinishika ni mifupa yote, na mara nyingi ni usiku, hasa vipindi vya baridi au nikisahau kunywa maji. Natumia dawa na zinanisaidia, siku za kulazwa zimepungua. Ila usiku ule kabla maumivu hayajaisha, mimi huwa natunga. Sijui kuchonga.

Maradhi yamenikuta, sikuyaita nyumbani,
Usiku nikitafuta, usingizi kitandani,
Kalamu ninaivuta, nawasha taa chumbani,
Naandika napepeta, ya moyoni na mwilini.

Nikihesabu mizani kwa vidole siwezi kuhesabu maumivu kwa wakati ule ule. Kichwa kina nafasi ya hesabu moja. Wakati mwingine kina cha mwisho kinagoma mpaka kunakucha, na kukikucha nashukuru kilivyogoma.

#28 Kijana wa Zamani, Masasi
Bint Mtanda, wa ngonjera nimeitwa, siwezi kupita kimya:

Dada wewe umepata, dawa isiyo dukani,
Vidonge hujavifuta, vipo bado mkobani,
Beti moja ukileta, twaisoma barazani,
Na tena tutakuita, utunge ya Ramadhani.

#29 Liwale Kwetu
Bint Mtanda, hiyo ya hesabu nimeielewa. Bao linanifanyia hivyo hivyo. Ukiwa unazipanga kete za kutakata huwezi kuwaza majibu ya damu. Ila sikubali kuliita maana. Naliita nafasi ya kupumua.

#30 Bint Mtanda
#29 kaka mimi naviita vyote viwili kwa sababu kwangu vimekuja pamoja. Nilianza kwa kutaka maumivu yapite. Halafu mama mmoja wa kliniki, ana mtoto mwenye sikoseli, akaniomba shairi amsomee mwanawe anayekataa dawa. Nikatunga. Mtoto kalikariri. Tangu siku hiyo nikikosa usingizi nina mtu wa kumtungia. Ni vitu viwili tofauti, na cha pili sikukitafuta.

#31 Mtoto wa Chikongola
Jamani mimi napendekeza mzee achonge mapiko, zile barakoa za ngoma ya jando, badala ya mpingo, mti wake ni mwepesi, vumbi si kali, na msimu wa jando zinahitajika. Anaanza na pale machoni, halafu anayevaa anatakiwa...

#32 Fundi Tezo
Ishia hapo hapo kijana. Ya lipiko anayevaa na asiyevaa hayaandikwi humu, kuna dada zetu wanasoma na kuna ambao hawajaingia. Wazo la mti mwepesi ni zuri lakini. Kwenye tamasha la ngoma za asili la MaKuYa pale Mtwara nimeona barakoa nzuri sana zikicheza, na wachongaji wake wengine ni wazee kuliko mjomba.

#33 BintiMikindani
Tunasoma ndiyo, na tunajua zaidi ya mnavyodhani.

#34 Fundi Tezo
Dada, hayo nayo hayaandikwi.

Mjukuu wa Kitangari, shauri langu la kazi. Gogo lisishikwe kwa mkono wa kushoto. Tengenezeni benchi fupi na jiliwa ya mbao, gogo libanwe, yeye akae kwenye kiti kwa upande. Atalalamika kwamba hivyo si kuchonga, mwacheni alalamike. Tezo ndogo, si ile ya kuangushia. Kazi nzito ya kutoa ganda mfanye nyinyi vijana. Na msasa upigwe na wewe, nje, ukiwa na barakoa. Lilanga naye alikuwa na vijana karakanani, huyo Mfaransa wa mwalimu alikuwa na wasaidizi. Hakuna aliyesema kazi si yao.

#35 Mjukuu wa Kitangari
Nimemsomea hii jana jioni akiwa ametoka kwenye mashine. Kwenye jiliwa amekataa. Kwenye msasa akacheka, akasema mpwa wangu hata kuchonga mpini wa jembe hajui, ila akanipa kipande nianze. Nilipiga msasa vibaya, akarudisha, nikapiga tena. Mama alikuwa anatuangalia mlangoni hakusema kitu. Ufunguo wa stoo kwa sasa ninao mimi, siku ya mashine nafunga, kesho yake nafungua. Mke wake kakubali, mama bado.

Majina nimeanza kuyaandika kwenye daftari, Korosho. Mengine hayakumbuki, na sura ameshazichonga.

#36 Korosho Daraja la Kwanza
Andika hivyo hivyo, jina halijulikani, sura ipo. Mimi nina shangazi wa Tandahimba anajua koo za huko juu mpaka zilizovuka kutoka Msumbiji. Nitumie ujumbe na picha.

#37 Kijana wa Zamani, Masasi
Na mimi nataka kuagiza. Kikundi chetu cha ngonjera, wale waliokwenda. Nina picha moja ya zamani tuko gulioni, imefifia ila sura zinaonekana. Muulize mjomba kama anapokea oda, na kama bei yake inaweza kulipwa kidogo kidogo. Sina haraka. Mama mkwe awe juu kabisa.

#38 Nesi Zamu ya Usiku
Muulize pia kama sasa amekubali jiliwa.

#39 Mwera wa Nyangao
Oda nzuri. Ila la mahoka bado hamjanijibu, mmelipita tu. Kama si wao, kwa nini zimekuja sura za waliokufa na si za wajukuu?